Viti Vitatu vya Landrova

Watu wa Kyimo niliwaambia ni chui.

Nilisema alitokea upande wa kulia, mkubwa kama ndama wa miezi minane, akasimama katikati ya barabara na kunikazia macho kama askari anayetaka kuona leseni. Nami, dereva wa miaka thelathini na miwili ambaye sijawahi kukanyaga hata kuku wa mtu, nikaukata usukani kwenda kushoto, nikaingia na Landrova yangu katika shamba la mjane Felista, nikalaza migomba kumi na mmoja. Ndivyo nilivyosema, na walinisadiki. Siku mbili tulimsaka chui huyo kwa mikuki na mbwa, tukashuka mabonde na kuyapanda, na mimi ndiye niliyekuwa mbele, maana ni mimi peke yangu niliyeijua sura yake. Felista akaanza kufungia mbuzi wake saa kumi jioni. Watoto wa shule wakapata sababu mpya ya kuchelewa namba.

Shida ni kwamba mle garini sikuwa peke yangu. Pembeni yangu alikaa mke wangu, Atupele. Tulikuwa tunarudi hospitali ya Igogwe, kwenye kliniki yake ya presha, ambayo ni kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Gari lilipotulia, huku jani zima la mgomba limeingia dirishani na kutulalia mapajani kama shuka, Atupele aliinama, akaokota kadi yake ya hospitali iliyoanguka miguuni, akaifuta tope kwa ncha ya kanga.

"Chui!" nikasema. "Umemwona chui yule?"

"Alikuwa na ukubwa gani?"

"Kama ndama."

"Na mkia?"

"Mrefu, mama. Mrefu mpaka ng'ambo ya barabara."

Injini ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Baba Nsajigwa," akasema, "mimi presha ninayo, miguu inavimba, lakini macho yangu mazima. Pale palikuwa na kona. Kona ile ile iliyokuwapo asubuhi. Wewe hukuiona."

Niliteremka nikaanza kutoa majani kwenye rejeta.

Alisema kweli. Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa naendesha kwa kukumbuka. Nilijidanganya kwamba ni ukungu wa mlima, ambao kwetu haukosekani. Lakini ukungu gani humfuata mtu hadi chumbani, hadi kwenye sahani yake ya ndizi? Jicho la kulia lilikuwa limeota utando. La kushoto lilikuwa linaiga la kulia.

Jioni ile Atupele alichukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, na hakuna mume wa Kinyakyusa anayejiheshimu anayemfungua mke wake pindo la kanga mbele ya wajukuu.

*

Niieleze Landrova yenyewe, maana ni mwanafamilia.

Ilikuwa ya chama cha ushirika, nami ndiye niliyekuwa nikiiendesha. Udereva sikufundishwa na mtu. Nilikuwa utingo, nikajifunza kwa kutazama miguu ya dereva, na siku dereva alipolewa nikamrudisha nyumbani yeye na magunia yake ya kahawa. Mambo yalipobadilika, ruksa ikaingia, wanunuzi binafsi wakaanza kufika hadi mlangoni kwa mkulima, ushirika ukaishiwa nguvu. Wakatupunguza watu, kisha wakapunguza magari. Kwenye mnada pale Tukuyu nilisimama na kiinua mgongo changu chote mfukoni, nikainunua. Wenzangu walinunua mabati. Mmoja alinunua mke wa pili.

Mlangoni iliandikwa kwa rangi nyeupe MALI YA, na jina la chama likafuata. Kutu ikalila jina la chama herufi baada ya herufi, ikaacha MALI YA peke yake. Nami sikuandika langu. Nilipenda watu waulize.

Gari hilo limefanya makubwa. Mwaka wa mvua nyingi, barabara ya Kyela ilipokatika, nililivusha juu ya Daraja la Mungu, lile la mwamba pale Kiwira, magurudumu mawili yakiwa juu ya mwamba na mawili juu ya imani. Mwaka dizeli ilipoadimika nililiendesha kutoka Isongole hadi Tukuyu kwa kuteremka tu, na palipokuwa na mlima nililisimulia hadithi likasahau kama linapanda. Haya nimeyasema vilabuni mara nyingi, na aliyetaka kubisha alijinunulia pombe yake mwenyewe.

Ila mwaka ule wa chui, wa tisini na nne, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na tope, na kupiga hendeli alfajiri huku bega linalia, na kutafuta springi. Vipuri vilikuwa vimejaa madukani, si kama zamani tulipoviombea kibali. Sasa kilichoadimika kilikuwa miye mwenyewe. Kwa mambo yote ya gari lile nilibakiwa na hamu moja tu: Jumanne ya kwanza ya mwezi nikae pembeni ya Atupele, twende Igogwe, turudi. Wana wetu sita tumewazaa pamoja na watatu tumewazika pamoja. Kwa daktari sikutaka aende bila mimi. Yeye naye, wakimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, huwa hatazami mashine, hunitazama mimi, nami huvuta uso wa mbuzi aliyemeza pilipili, akicheka presha inashuka. Nesi mmoja alishaniambia nikae mle mle, ni sehemu ya vifaa.

*

Habari ya kwamba Ambindwile, yaani mimi, haendeshi tena ilitoka kabla migomba ya Felista haijanyauka.

Wa kwanza kufika alikuwa Prosper, kijana wa Kilimanjaro anayenunua viazi Isongole. Alivaa koti la mtumba lenye kola ya manyoya, akaegesha pikapu yake ya Stauti mbali kwa sababu ya tope.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Stauti imegoma?"

"Stauti ni gari la mjini, mzee. Huko kwenye viazi inalala kama nguruwe. Nasikia una chuma hapa unataka kukipumzisha."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa chui," akasema, akacheka.

Nilimpenda kidogo kwa hilo. Alitaja bei, nayo ilikuwa ya mtu mwenye adabu. Nikamwambia nitafikiri.

Wa pili alikuwa mdogo wangu Asajile, wa tumbo moja. Yeye hakutaja bei kabisa. Alilizunguka gari, akalipiga kofi ubavuni kama mtu anayenunua fahali.

"Kaka, hili linakuja kwangu. Hatuna haja ya maneno."

"Linakuja kwa nani aliyeliita?"

"Mali ya kaka ni ya mdogo wake. Ng'ombe wa baba walifikaje kwetu? Hawakupita kwanza kwa baba mdogo?"

"Landrova si ng'ombe, Asajile."

"Linakula, linapumua, linaharisha mafuta chini. Limebakiza nini?"

"Na mimi sijafa bado."

"Ndiyo nasema tupange mapema, kaka. Nitapakia ndizi siku za mnada, na siku shemeji akiumwa nitampakia na yeye, nafasi ikiwapo."

Nafasi ikiwapo! Atupele alikuwa jikoni akasikia. Akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando, akamkaribisha shemeji yake vizuri sana, akamwambia, "Kunywa baba, nafasi ikiwapo." Asajile akanywa akaondoka, lakini akaniachia neno: ukoo utakaa.

Jumanne ya kliniki ikafika tukiwa bado hatujaamua. Tulitembea. Kutoka kwetu hadi lami ni mwendo wa saa moja kwa mwenye miguu mizima. Sisi tulitumia tatu. Atupele alikaa chini mara nne. Nilimshika mkono, lakini mimi sioni mashimo na yeye hawezi kuyaruka, basi tulikuwa mtu mmoja mwenye hasara mbili. Kwenye lami tulipata pikapu, tukasimama tumebanwa na madebe ya mbegu. Tulipofika, kipimo kilipanda mpaka nesi akarudia mara mbili. Nilivuta uso wa mbuzi. Hakucheka. Alikuwa amefumba macho.

*

Barua ya Nsajigwa ilitoka Chunya, anakofundisha. Aliandika kwa kifupi, kama anavyoandika ubaoni: "Baba, gari usiuze. Ba'mdogo usimpe, atalimaliza. Mpe Tusekile ajifunze. Atampeleka mama kliniki."

Tusekile ni mke wake. Anakaa hapa hapa uani kwetu na watoto, na tangu ruksa iingie amegeuka mfanyabiashara: viazi, ndizi, mitumba ya watoto, kila kitu kinachobebeka kichwani. Nguvu anazo, akili anazo. Neno moja tu lilikuwapo, na kwa asiyejua mila zetu nalisema.

Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Ukutila, ndivyo tunavyoita. Hawapishani njia moja, hawali mahali pamoja, hawaitani kwa jina. Ni heshima. Vijana wa mjini wanaicheka, na mchungaji alishasema mimbarini kwamba tuiache. Lakini mchungaji mwenyewe nilimwona siku moja akiruka mtaro kumpisha mkwe wake. Tangu mwaka wa themanini na tisa tunaishi ua mmoja na Tusekile, na sijui kama ana mwanya. Mimi nikirudi nyumbani nakohoa pale kwenye mchongoma, yeye anapita nyuma ya jiko. Ananijua kwa kikohozi, mimi namjua kwa kandambili. Nimewadanganya makarani, maaskari, na mzee mmoja wa kanisa, lakini jambo hili sijawahi kulifanyia mzaha. Wala yeye.

Sasa amfundishe nani, na Kyimo upande wetu dereva ni mimi?

Atupele akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. "Utafundishia migombani," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Landrova tuliisukuma hadi kiwanja cha mpira cha shule. Tusekile alikaa kwenye usukani. Mimi nilikaa ndani ya migomba, juu ya gogo, nimempa kiwanja mgongo. Atupele alisimama katikati, ukingoni.

"Mwambie akanyage klachi," nasema.

"Anasema ukanyage klachi," Atupele anapaza sauti.

"Mwambie klachi ni ya kushoto, hiyo aliyokanyaga ni breki."

"Amejuaje na amegeuka?" sauti ya Tusekile inatoka mbali, inamuuliza mama mkwe wake.

Nilijuaje? Kwa masikio. Gari lile nalisikia hadi meno ya gia. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima utando wa jicho haukunidhuru kitu. Nilifumba macho nikawa naona kila kitu: sasa ametia gia namba mbili, sasa anaogopa, sasa ameachia mguu haraka. Wanafunzi walikuja kutazama, wakajigawa makundi mawili, wengine wakitazama gari na wengine wakimtazama mzee anayeongea na migomba. Felista alileta kigoda akakaa na yeye. Baada ya siku tatu alikuwa anafundisha kuliko mimi.

"Mwambie asiogope, chui alishahama!" akapiga kelele.

Tusekile alijifunza kwa wiki tatu. Akaenda Tukuyu kwenye mtihani, akarudi na leseni, akampa Atupele aniletee niishike. Niliinusa tu, maana kusoma sikuweza.

*

Kabla ya Jumanne ya kliniki iliyofuata tukafanya jaribio. Kabini ya Landrova ina viti vitatu. Nilisema: Tusekile kwenye usukani, Atupele katikati, mimi dirishani. Katikati tutaweka pazia. Atupele akaitandaza kanga yake ya doti, akashika pindo moja kwa mkono wa kulia na jingine kwa mkono wa kushoto, akainua juu mpaka kwenye paa. Mimi niliingia nimegeukia dirishani, Tusekile akaingia amegeukia lake.

Gari likaondoka.

Nadhani hakuna safari nyingine ya namna hiyo iliyowahi kufanyika katika wilaya ya Rungwe. Dereva alitazama migomba ya kulia. Mwalimu alitazama migomba ya kushoto. Aliyetazama barabara ni Atupele peke yake, naye hajui kuendesha, na mikono yote miwili imeshika kanga.

"Kulia!" akasema. "Kulia, mwanangu! Hapana, rudi! Jiwe! Baba Nsajigwa, jiwe!"

"Liko wapi?"

"Mbele!"

"Mimi naangalia pembeni!"

Kanga ikaanguka kwenye usukani. Tusekile akapiga ukelele, akaachia kila kitu, akajifunika uso kwa viganja viwili, kama anavyotakiwa mkamwana mwenye adabu. Gari likaenda lenyewe taratibu, kwa busara ya miaka mingi, likaegemea tuta la Felista likazima. Safari hii haukuanguka hata mgomba mmoja.

Nilishuka nikarudi nyumbani kwa miguu. Nyuma yangu nilisikia Atupele anacheka na Tusekile analia, au kinyume chake.

*

Jioni ile nilimtumia Prosper ujumbe: njoo uchukue.

Nilikuwa nimechoka. Mtu anaweza kuchoka na shamba, akachoka na safari, lakini kuchoka na kuamua ni kubaya zaidi, hakuna godoro linalokutoa uchovu huo. Nilijipigia hesabu hivi: nikimpa Asajile, Atupele atakwenda nafasi ikiwapo. Nikimpa Tusekile, Atupele atakwenda vizuri sana, naye bila mimi, nami nitabaki uani nikihesabu kuku mpaka warudi. Nikiuza, tutatembea, lakini tutatembea wawili. Nilipomwambia Atupele hivyo, alinitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo bora nikae chini barabarani mara nne."

"Nitakushika."

"Utanishika," akasema, akaingia ndani.

Kwa siku tatu kulikuwa na nyundo na minong'ono upande wa nyuma ya jiko, ambako mimi siendi. Nilidhani wanatengeneza banda la kuku.

Prosper alikuja Jumatatu asubuhi na mtu wa kumwendeshea. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, yale ya kwetu yasiyojua kukoma. Nilimzungusha garini nikafanya kazi ya muuzaji, nikamweleza Daraja la Mungu, nikamweleza lile la kuteremka kutoka Isongole.

"Na huu mkunjo wa hapa mbele?" akauliza.

"Kifaru."

"Rungwe kuna kifaru?"

"Hayupo tena. Unaona mkunjo ulivyo."

Akacheka, akaingiza mkono ndani ya koti. Hapo Atupele akatoka. Alikuwa amevaa gauni la kliniki, ingawa kliniki ilikuwa kesho yake, na viatu vyake vya kanisani.

"Mwanangu Prosper," akasema, "subiri kwanza. Muulize mzee kwa nini anauza."

"Amesema ni mambo ya mila, mama. Mimi mila za watu siingilii."

"Mila iko viti vya mbele. Muulize nyuma kuna mila gani."

Nikahisi masikio yanapata moto. "Nyuma kuna nini?" nikasema. "Nyuma ni mizigo. Nyuma ni utingo."

"Eee," Atupele akasema, pole pole, kama mtu anayetoa mwiba. "Sasa umesema. Kumbe si ukutila. Ni kiti. Dereva wa miaka thelathini na miwili hapandi nyuma. Bora mke wake akae kwenye tope."

"Mama Nsajigwa..."

"Ulinipa chui nikanyamaza. Nikawaacha watu wazima wapande mabonde siku mbili. Lakini usimchukue mkamwana wangu ukamfanya chui wako wa pili. Yule mtoto hajakosa kitu."

Prosper alikuwa anaangalia viatu vyake. Na mimi ningeangalia vyangu kama ningeviona.

Ndipo nikasikia kandambili nyuma ya jiko. Zilisimama. Mkamwana haongei na baba mkwe. Akiwa na neno hukiambia kitu kingine, na aliye na masikio anasikia. Tusekile alimwambia kuku.

"Wewe kuku," akasema, "hivi unajua kwamba kile kiti cha mianzi cha baba, mama Felista amekifunga nyuma ya Landrova kwa kamba? Mimi sikukigusa. Kimegeukia nyuma, kinatazama tulikotoka. Turubai lipo juu. Na kidirisha cha kabini tumekipigilia ubao, kuku, hakuna anayemwona mwenzake. Na mimi, kuku, ile gia ya kuingilia mlima wa mtoni inanisumbua. Akikaa pale atasikia. Akigonga bati mara moja nitajua nipunguze, mara mbili nitajua niongeze. Bila yeye kuku, mimi sitafika."

Kuku akakimbia. Hakuna aliyecheka. Nikasimama pale, manyunyu yananiingia shingoni. Nilikumbuka jinsi nilivyotoka nyuma mwaka ule, dereva alipolewa, nikaapa kwamba sirudi tena huko mpaka nipelekwe nimelala. Halafu nikamtazama Atupele, yaani nikatazama mahali aliposimama, maana nilichoona kilikuwa gauni la bluu kwenye ukungu. Lilikuwa linayumba kidogo. Alikuwa amesimama muda mrefu kwa miguu ile.

"Prosper," nikasema, "gari lina mwenyewe."

"Nani, mzee?"

"Kuku yule."

Akatoa mkono kwenye koti ukiwa mtupu. "Mzee wangu, umenitoa Isongole na mvua yote hii." Lakini hakukasirika sana. Atupele alimpa mkungu wa ndizi, akaubeba begani hadi kwenye Stauti yake, na huko tukamsikia anaichochea kwenye tope kwa nusu saa. Mwisho Tusekile akalitoa gari letu akamvuta kwa kamba hadi lami. Mimi nilikuwa nimeingia ndani, mila ni mila. Nililisikia tu likipita, gia ya kwanza, ya pili. Ya pili aliiingiza vizuri.

*

Jumanne niliamka mapema nikavaa koti langu la mvua la ushirika. Nilikohoa mara tatu pale mlangoni ili kila mtu akae mahali pake. Felista akanishika mkono nikapanda kwa nyuma, kwenye gurudumu, kisha kwenye bodi, goti likilalamika kila hatua. Kulikuwa na magunia manne ya viazi vya Tusekile na kiti changu cha mianzi. Nilikaa. Mgongo ukagusa bati la kabini, na ng'ambo ya bati nikasikia Atupele anajipanga, anakohoa, anaweka kadi yake kwenye mkoba. Hatukuwahi kukaa karibu hivyo garini. Zamani kati yetu kulikuwa na fimbo ya gia.

Nikagonga bati mara mbili, kama nilivyokuwa nikigonga nikiwa kijana. Likaondoka.

Kijijini walishatoka kutazama. Asajile, ambaye kikao chake cha ukoo kilikuwa bado hakijafanyika, alikuwa dukani kwa jambo lake, akashika kiuno.

"Kaka! Wamekuweka nyuma na viazi?"

"Sijawekwa," nikapaza sauti. "Yule chui anafuata gari kwa nyuma. Lazima awepo mtu wa kumtazama."

Watu wakacheka, na watoto wawili wakageuka kuangalia barabara.

Barabara ilikuwa inatoka chini yangu na kwenda nyuma, nyeusi ya tope, halafu inaingia kwenye weupe. Ukungu wa mlima au wa jicho, sikujisumbua kuutenganisha. Tulipofika mlima wa mtoni nikasikia injini inazama, inaanza kuomba. Gia ya pili, mwanangu, nikasema moyoni, sasa hivi, usingoje. Nikainua ngumi nigonge. Ndani ya kabini nikasikia Atupele anacheka kwa jambo ambalo sikulisikia, na gia ikaingia, kwa kukwaruza kidogo, nalo gari likaanza kupanda.

Nikairudisha ngumi mfukoni. Kulikuwa na kiazi kimoja kimeviringika hadi mguuni pangu. Nikakikanyaga kisianguke.